Haydn na Adabu ya Kazi ya Muziki

Kazi chache duniani zina haja ya wenzi kuliko muziki. Seremala aweza kujifungia nyumbani mwake siku saba, akatoka na mlango uliokamilika. Mshairi aweza kukesha peke yake, asubuhi akawa na utenzi mkononi. Lakini mpiga fidla mmoja hafanyi simfonia, wala mtunzi hasikiki mpaka mikono ya watu wengine imekubali kumtumikia. Juu ya wapigaji yuko mwenye fedha. Kando yao yuko mwenye kunakili na kuchapa. Mbele yao wako wasikilizaji. Na nyuma yao yuko mshindani anayengoja kuona nani atajikwaa. Kila mmoja wa hawa ana haja na mwenzake, na kila mmoja aweza kumdhulumu mwenzake. Kwa sababu hiyo historia ya muziki si historia ya sauti peke yake. Ni historia ya ahadi pia: zilizotimizwa na zilizovunjwa.

Nataka kulitazama jambo hili katika maisha ya mtu mmoja, Joseph Haydn, aliyezaliwa Rohrau katika nchi ya Austria mwaka 1732, akafa Vienna mwaka 1809. Nimemchagua si kwa sababu ya ukubwa wa utunzi wake tu, bali kwa sababu alikaa katika pande zote za kazi hii. Alikuwa mtumishi wa bwana mkubwa, akawa msimamizi wa wenzake, akawa muuzaji wa kazi zake mwenyewe, tena akawa mshindani na mwalimu. Wapigaji wake walimwita Baba. Wako waliosema baadaye kwamba wema wake haukuwa wema, ila unyenyekevu wa mtumwa aliyezoea kuinama. Shutuma hii si ndogo. Ikiwa ni kweli, basi adabu katika kazi ni jina zuri la utumwa. Ikiwa si kweli, yatupasa kuonyesha tofauti iko wapi.

Baba yake Haydn alikuwa fundi wa magurudumu, na mama yake alikuwa mpishi katika nyumba ya mtu mkubwa. Alipokuwa mtoto wa miaka minane alichukuliwa kuimba katika kanisa la Mtakatifu Stefano, Vienna; sauti yake ilipovunjika alitolewa, akabaki mjini hana mali. Alifundisha watoto, akapiga fidla mahali palipomhitaji, na kwa muda alimtumikia Nicola Porpora, mwalimu mashuhuri wa uimbaji kutoka Italia, akimpigia kinanda na kumfanyia kazi za nyumbani, hata kumpigia viatu rangi, ili apate kujifunza kwake. Mtu aliyepita njia hiyo hawezi kudhani kwamba kipaji peke yake chatosha kumlisha mwenye nacho.

Tarehe 1 Mei 1761 alitia sahihi mkataba na Prinsi Paul Anton Esterházy, mmoja wa matajiri wakubwa wa Hungaria, awe msaidizi wa mkuu wa muziki katika mji wa Eisenstadt. Mshahara wake ulikuwa florini 400 kwa mwaka. Mkataba huo umehifadhiwa, na kuusoma ni kuona hali ya mwanamuziki wa wakati ule bila pazia. Ilimpasa avae sare, na soksi nyeupe, na nywele zilizotiwa unga. Ilimpasa kila siku, kabla ya adhuhuri na baada yake, asimame katika chumba cha kungojea, aulize kama bwana anataka muziki. Kila alichotunga kilikuwa mali ya bwana. Hakuruhusiwa kukitoa kinakiliwe, wala kumtungia mtu mwingine pasipo ruhusa.

Hayo ndiyo maneno ya kifungo, na wengi huyataja hayo tu. Lakini mkataba ule ule ulimwagiza awatendee wapigaji kwa upole na uvumilivu, si kwa ukali. Ugomvi mdogo ukizuka baina yao, aumalize yeye mwenyewe, bwana asisumbuliwe na mambo madogo. Na tena asijizoeze nao mno katika kula na kunywa, isije heshima yake ikashuka. Twaona hapa kwamba aliwekwa katikati. Juu alikuwa mtumishi. Chini alikuwa hakimu. Mtu aliye katikati namna hiyo ana njia mbili rahisi: kuwasaliti wenzake ili apendwe na bwana, au kumdanganya bwana ili apendwe na wenzake. Haydn alikaa katika nyumba ile karibu miaka 30, na sifa yake haikujengwa kwa njia yoyote ya hizi mbili.

Jaribio lake la kwanza lilitoka kwa mzee wa kazi. Gregor Werner alikuwa mkuu wa muziki wa nyumba ile tangu mwaka 1728. Kijana alipoletwa, mzee aliachiwa muziki wa kanisa, na mengine yote yakawa ya kijana. Yasimuliwa kwamba Werner alimdharau, akamwona mtu wa mitindo mipya na mfanyaji wa vijiwimbo. Mwezi wa Oktoba 1765 mzee alimwandikia Prinsi Nikolaus, aliyekuwa amerithi cheo baada ya ndugu yake kufa mwaka 1762. Alilalamika kwamba vyombo vya muziki vinaharibika, nakala zinapotea, na waimbaji hawana nidhamu, kwa sababu ya uzembe wa Haydn. Ukatoka waraka wa kumkemea: atengeneze orodha ya vyombo na nakala, asimamie kazi, tena atunge kwa bidii zaidi.

Hapa kijana mwingine angetafuta kisasi. Haydn alijibu kwa kazi. Alizidisha utunzi, na ni katika miaka hiyo alipoanza kuweka daftari la kazi zake mwenyewe, daftari ambalo hata leo ni msaada mkubwa kwa wanachuoni. Werner akafa mwezi wa Machi 1766, na Haydn akashika mahali pake. Nawaomba wasomaji walikumbuke jina la Werner, kwa maana tutalirudia mwisho.

Prinsi Nikolaus mwenyewe alikuwa mpigaji. Alipenda baritoni, ala ya nyuzi inayofanana kidogo na gambo, lakini yenye nyuzi nyingine za ndani zinazovuma na kudonolewa kwa kidole gumba. Kwa ajili ya ala hiyo moja Haydn alitunga nyimbo za wapigaji watatu zipatazo 126. Waandishi wa maisha yake wanasimulia kwamba alijifunza kuipiga kwa siri, usiku, karibu nusu mwaka, ili amfurahishe bwana wake kwa kuonyesha kwamba aweza kuipiga katika funguo nyingi, hali bwana alijua moja tu. Bwana hakufurahi. Alimjibu kwamba kujua hayo ni wajibu wake Haydn. Yasemekana kuwa Haydn aliumia kwanza, kisha akafahamu, akaiacha baritoni isiwe ala yake. Kisa hiki kina uchungu, kwa maana mwenye ujuzi alipaswa kuuficha mbele ya mwenye mali. Lakini kina hekima pia: mtu hujenga urafiki na mwenzake kwa kumpa anachokihitaji, si kwa kumwonyesha anachokikosa.

Kama habari ingaliishia hapo, wale wanaosema Haydn alikuwa mnyenyekevu tu wangalikuwa na haki. Lakini kuna mwaka 1772. Prinsi alikuwa amejenga jumba kubwa sana mahali pa mabwawa katika Hungaria, akaliita Eszterháza, na kila mwaka alizidi kukaa huko. Nyumba za wapigaji hazikutosha. Ikatolewa amri kwamba wasilete wake wala watoto wao, isipokuwa wachache waliotajwa. Haydn alikuwa miongoni mwa hao wachache. Mwaka huo bwana alikawia kuliko desturi, na wapigaji walioacha jamaa zao Eisenstadt wakamjia Baba yao wakimwomba awasemee.

Lilikuwa jambo la hatari. Kupinga amri ya bwana kwa maneno kungaliweza kuwafukuzisha wote. Haydn akatunga simfonia, ile inayohesabiwa kuwa ya 45. Katika sehemu yake ya mwisho, muziki unapoelekea kwisha, mpigaji mmoja anamaliza fungu lake, anazima mshumaa wake, anachukua ala yake na kuondoka, kisha mwingine, kisha mwingine, mpaka zinabaki fidla mbili tu zikinong'ona gizani, nazo pia zinanyamaza. Yasimuliwa kwamba bwana alifahamu, na siku ya pili akatoa amri ya safari.

Tuyapime maana yake. Haydn hakuwa na shida ile. Mkewe aliruhusiwa kuwa pamoja naye. Aliitia heshima yake hatarini kwa shida ya wengine. Tena hakumtahayarisha bwana mbele ya wageni kwa lawama. Alimpa nafasi ya kutenda wema kana kwamba umetoka moyoni mwake mwenyewe. Wala hakujifanya msemaji peke yake, maana kila mpigaji alisema kwa kuondoka kwake. Hiyo si kazi ya mtumwa. Mtumwa hunyamaza, na mwasi hupiga kelele. Huyu alisema kwa lugha ambayo bwana wake aliipenda kuliko zote. Wahenga wetu walisema kwamba maneno mazuri humtoa nyoka pangoni; hapa yalitosha maneno yasiyo na herufi.

Lakini upole wake ulikuwa na mpaka. Katika Vienna kilikuwako chama cha wanamuziki, kilichoanzishwa mwaka 1771, cha kuwatunza wajane na mayatima wao. Haydn alikisaidia mwaka 1775 kwa kazi kubwa ya waimbaji, *Il ritorno di Tobia*. Baadaye alipotaka kujiunga, akiwa amekwisha weka fedha zake, chama kilidai atie sahihi kwamba atatunga kila watakapomwagiza. Mwaka 1779 alikataa, akataka arudishiwe fedha. Alisema kwamba kutunga kwa hiari ni jambo moja na kulazimishwa ni jambo jingine, na kwamba sanaa yataka uhuru. Hakukinyima chama msaada. Alikinyima haki ya kumfanya msaada huo kuwa kodi. Mwaka 1797 chama kilimpokea kuwa mwanachama wa maisha pasipo ada, na kazi zake za uzeeni ziliwaletea wajane wale fedha nyingi. Hapa twajifunza kwamba mtu asiyeweza kusema hapana hawezi kuaminiwa anaposema ndiyo, kwa sababu hakuna ajuaye kama ndiyo yake imetoka moyoni au imetoka katika woga.

Sasa yafaa tutaje dosari, maana sifa bila dosari ni hadithi ya watoto. Mwaka 1779 mkataba wake uliandikwa upya, na lile katazo la kuwatungia watu wengine likaondolewa. Mara Haydn akawa mfanyabiashara. Mwaka 1780 kampuni ya Artaria ya Vienna ilianza kuchapa kazi zake. Na katika London alipata mchapaji mwingine, William Forster. Wakati ule hapakuwa na sheria moja ya haki za watunzi iliyovuka mipaka ya nchi. Kazi ikishachapwa katika mji mmoja, mtu wa mji mwingine aliichapa asimlipe mtunzi kitu. Kwa hiyo kila mtu alifanya haraka, na haraka ilizaa hila.

Artaria alitangulia kumkosea. Mwezi wa Desemba 1781 Haydn aliwaandikia watu wakubwa akiwauzia nakala za mkono za nyimbo zake sita mpya za ala nne za nyuzi. Kabla nakala hizo hazijaenea, Artaria alitangaza kwamba chapa i tayari. Haydn alikasirika na kusema kwamba ametiwa hasara na aibu. Lakini naye hakuwa safi. Mwaka 1787 simfonia zake sita za Paris, ambazo tayari zilikuwa zimelipiwa na chama kimoja cha muziki cha mji huo, aliziuza kwa Artaria na kwa Forster pia, kila mmoja akidhani kwamba amepata kitu cha peke yake. Na liko lililo baya zaidi. Mwaka 1784 alimpelekea Forster nyimbo tatu za kinanda, fidla na selo kuwa ni zake. Mbili katika hizo hakuzitunga yeye. Zilitungwa na Ignaz Pleyel, aliyekuwa mwanafunzi wake. Jambo hili lilileta daawa baina ya wachapaji wa London, na halikumalizika mpaka mwaka 1794, Haydn mwenyewe akiwa mjini humo.

Sioni haja ya kumtetea. Tusema tu kwamba mtu aliyekuwa mwaminifu kwa wapigaji aliowaona kila siku uso kwa uso alikuwa mwepesi wa hila kwa wachapaji waliokuwa mbali. Huu si udhaifu wa Haydn peke yake. Macho ya mwenzako hulinda uaminifu wako. Barua na hundi hazina macho. Ndiyo maana kazi ya muziki ilipokua ikavuka bahari, urafiki peke yake haukutosha, ikahitajiwa sheria. Anayedhani kwamba upendo wa wenzi waweza kushika mahali pa mkataba ulioandikwa vema, na akumbuke kwamba hata Baba Haydn aliuza kitu kimoja mara mbili.

Tarehe 28 Septemba 1790 Prinsi Nikolaus alikufa. Mrithi wake hakupenda muziki. Aliwaachisha kazi karibu wapigaji wote, akamwachia Haydn cheo na malipo ya uzeeni bila kazi. Ndipo alipokuja mtu mmoja mlangoni kwake, Johann Peter Salomon, mpiga fidla mzaliwa wa Bonn, mwandalizi wa maonyesho katika London, akamwambia kwamba amekuja kumchukua. Masharti yao yalikuwa wazi: pauni 300 kwa opera, 300 kwa simfonia sita, 200 kwa haki ya kuzichapa, 200 kwa nyimbo 20 ndogo, na dhamana ya pauni 200 kutoka katika onyesho la faida yake mwenyewe. Jumla ilikuwa pauni 1,200, na sehemu ya fedha iliwekwa katika benki ya Vienna kabla hajaondoka. Haydn alikuwa na umri wa miaka 58, hajapata kuona bahari.

Hapa ndipo shutuma ile ya mwanzo inapopata jibu, kwa maana sasa hana bwana wa kumwogopa. Katika ukumbi wa Hanover Square, kuanzia tarehe 11 Machi 1791, Salomon aliwaongoza wapigaji kwa fidla yake na Haydn aliketi penye kinanda: wakuu wawili wa kazi moja, wala hatusikii kwamba waligombania kiti. Chama kilichoshindana nao, kilichoitwa Professional Concert, kilijaribu kumvuta Haydn kwa malipo makubwa zaidi. Alikataa, akaeleza katika barua kwamba hataki kuvunja neno lake wala kuwatia hasara watu waliogharimika kwa ajili yake. Ndipo washindani walipoeneza maneno kwamba amezeeka na amekwisha, wakamwita Pleyel aje ashindane naye. Ndiye Pleyel yule yule mwenye nyimbo mbili.

Watu wa London walingoja kuona mwalimu na mwanafunzi wakipigana kama majogoo. Badala yake, usiku wa kuamkia Krismasi wa mwaka 1791 walikula pamoja. Msimu ulipoanza Pleyel aliweka simfonia ya mwalimu wake katika onyesho lake, na Haydn alikwenda kumsikiliza na kumpigia makofi. Ushindani haukukoma, Haydn mwenyewe aliandika kwamba ilimbidi afanye kazi kwa nguvu zake zote. Lakini uadui ulikosa kuni. Pleyel aliyekuwa na sababu ya kumshitaki mwalimu wake alichagua kumheshimu, na katika kisa hiki naona kwamba sifa kubwa ni ya mwanafunzi.

Msimu huo huo Haydn alipata habari kwamba Mozart amefariki, tarehe 5 Desemba 1791. Mozart alikuwa mdogo wake kwa miaka 24, na kwa hesabu ya soko alikuwa mshindani. Hata hivyo mwaka 1785 Haydn alimwambia baba yake Mozart kwamba mwanawe ndiye mtunzi mkubwa kuliko wote aliowajua. Na mwaka 1787, alipotakiwa opera kwa ajili ya Prague, alikataa akisema kwamba ni vigumu mtu kusimama karibu na Mozart. Sasa aliandika kutoka London aletewe orodha ya kazi za marehemu zisizojulikana Uingereza, azieneze kwa faida ya mjane, na akaahidi kumfundisha mtoto wa Mozart bila malipo. Kumsifu mshindani aliye hai ni ukarimu. Kuitunza nyumba yake akiisha kufa ni udugu.

Tumerudi kwa Werner. Mwaka 1804 Haydn alikuwa mzee wa miaka 72, jina lake limeenea Ulaya nzima, nguvu za kutunga zimemwisha. Mwaka huo ilitoka chapa ya tangulizi na fugi sita kwa ala nne za nyuzi. Hazikuwa zake. Zilikuwa kazi za Gregor Werner, ambazo Haydn alizitengeneza kwa ajili ya nyuzi na kuzitoa, na katika ukurasa wa mbele ilielezwa kwamba amefanya hivyo kwa heshima aliyo nayo kwa bwana huyo. Werner alikuwa kaburini miaka 38. Hapakuwa na mtu wa kumlazimisha Haydn, wala wa kumlipa kwa kumbukumbu hiyo, wala hata wa kumshukuru.

Adabu ya mtumwa hukoma siku bwana anapokufa, kwa maana mzizi wake ni hofu. Adabu ya Haydn kwa watu aliofanya nao kazi ilizidi kadiri alivyopata uhuru, na ilipokosa, ilikosa mahali pasipokuwa na macho wala sheria. Kwa wale wanaoingia leo katika kazi hii, wenye kutunga, kupiga, kuandaa na kuuza, masharti mawili yamo katika maisha yake, na moja halitoshi bila la pili: mkataba ulio wazi, ili hila ikose nafasi, na moyo unaokumbuka, hata baada ya miaka 38, kwamba yule mzee aliyetushitaki alijua kazi yake.